Utukufu wa Tiketi ya Mwambani

Malenga waliomsifu sultani walitoka barazani na joho begani. Mimi joho silitarajii, maana ninayemsifu leo hana hata kiti. Ni tiketi ya bei ya chini kuliko zote katika mbio za langalanga za Monaco, ile ya eneo liitwalo Rocher: mteremko wa mawe na misonobari chini ya kasri la mwanamfalme, ambako ukishakaguliwa getini unaachiwa mwamba na shida zako. Haina namba ya safu wala mahali pa kuegemea. Watu huinunua kwa aibu. Ofisini hutangaza kwamba wanakwenda Monaco, kisha hubadilisha mazungumzo kabla hajatokea mtu wa kuwauliza watakaa wapi.

Aibu hiyo haina msingi. Tuanze na nasaba, kwa kuwa msifiwa asiye na ukoo hawezi kusimamishwa mbele ya watu.

Mbio za kwanza za Monaco zilifanyika Aprili 14, 1929, baada ya Antony Noghès kuhangaika mpaka barabara za mji wake zikakubaliwa kuwa uwanja. William Grover-Williams alishinda akiwa na Bugatti. Siku ile nafasi za kuanzia zilipatikana kwa kura, bila kujali nani ana kasi. Mjerumani Rudolf Caracciola, na Mercedes yake kubwa, kura ilimtupa nafasi ya 15, na bado akamaliza wa tatu. Utaratibu wa kumweka mbele aliyekimbia haraka mazoezini ulikuja mwaka 1933, hapo hapo Monaco. Basi wewe unayefika Rocher asubuhi na mapema bila kujua utaangukia wapi, unafuata sunna ya waasisi. Mwenye kiti chenye namba ndiye aliyeleta bidaa.

Na huyo mwenye kiti, hebu tumuulize amelipia nini. Barabara ya Monaco ina urefu wa kilomita 3.337 na huzungukwa mara 78. Magari ya miaka hii yamenenepa na kurefuka, lakini maduka na hoteli za pembeni hazijasogea hata hatua moja kuyapisha. Kumpita mwenzako pale ni kuomba msiba. Mwaka 2024 ajali ya raundi ya kwanza ilisimamisha mbio, wote wakabadilisha matairi bila hasara, kisha wakaendelea kwa foleni ya adabu hadi mwisho. Madereva kumi wa mbele walimaliza kwa mpangilio ule ule waliouanza. Charles Leclerc, mtoto wa Monaco, alikuwa wa kwanza asubuhi akawa wa kwanza jioni, na mji ukalia kwa furaha.

Mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo waliingiwa na haya, wakatoa sharti kwamba kila dereva atumie angalau seti tatu za matairi, yaani asimame mara mbili, ili japo kitu kisogee. Baadhi ya timu zikalisoma sharti hilo zikacheka. Dereva mmoja aliambiwa aende taratibu na kuziba njia, nyuma yake wakajazana, huku mwenzake aliye mbele akipata mwanya wa kwenda kubadilisha matairi na kurudi bila kunyang'anywa nafasi. Lando Norris alianza wa kwanza, akamaliza wa kwanza. Kama hakuna kitakachotokea, ni busara kukitazama kwa bei nafuu.

Kuna pia hesabu ya sekunde, ambayo wauza tiketi hawaipendi. Ukikaa kwenye kipande kilichonyooka karibu na mahali pa kuanzia, gari unalolishangilia utaliona sekunde mbili, tuseme tatu kwa ukarimu. Zidisha mara 78. Ni sekunde 234, hazifiki hata dakika nne, katika mchezo unaokaribia saa mbili. Muda uliobaki utatazama magari ya watu usiowapenda, na kisogo cha jirani. Kule mwambani mambo ni tofauti. Kwa mbali, ng'ambo ya bandari, unayaona magari yakichomoza kutoka kwenye handaki. Yanakuja kwa kasi kwenye kona za Piscine, halafu yanafika chini yako, kona ya Rascasse, ambako hata injini ya maelfu ya saa za maabara haina budi kutulia na kugeuka polepole. Hapo ndipo unapoona mikono ya dereva ikifanya kazi kwenye usukani. Unayaona kwa juu, tena bila wavu machoni.

Wavu huu tusiupite haraka. Mgeni anaponunua kiti cha safu ya chini kabisa, jukwaa K kwa mfano, lile refu linalofuata ukingo wa bandari, huwa anadhani amepata bahati ya kukaribia magari. Siku ya mbio anakuta mbele yake vyuma vya kuzuia magari, na juu yake wavu wa nyaya nene uliopanda kupita kichwa chake. Akitazama mbele moja kwa moja, matundu yanampa nafasi, anaona. Lakini gari la langalanga halikai mbele moja kwa moja. Linatokea pembeni na kupotelea pembeni. Na ukiutazama wavu kwa upande, nyaya zinapandana moja juu ya nyingine, matundu yanafumba, unabaki na pazia la kijivu lenye kelele. Ndiyo maana wazoefu hukimbilia safu za juu, au hutafuta jukwaa linaloangalia kona ambako gari linawajia uso kwa uso. Picha ya simu ya mtu wa safu ya chini utaijua tu: waya uko wazi kabisa, hadi kutu yake inahesabika, na nyuma yake kuna ukungu mwekundu ambao yeye anaapa ni Ferrari.

Simlaumu aliyeuweka wavu, na hapa naacha mzaha kidogo. Juni 1955, katika mbio za Le Mans, gari liliruka likawaangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Monaco kwenyewe, mwaka 1967, Lorenzo Bandini aligonga kwenye kona ya bandarini, gari likashika moto pamoja na marobota ya majani makavu yaliyowekwa pembeni kama kinga, na siku tatu baadaye akafariki. Wavu una haki ya kukuziba macho. Ila kulipa mamia ya euro ili uzibwe macho, hilo ni la hiari.

Sasa wapinzani. Mpinzani mkubwa wa mwamba si jukwaa, ni boti. Watu huona kwenye televisheni zile boti nyeupe zilizopangwa bandarini, na wageni wameshika glasi, wakaamini kwamba pale ndipo penyewe. Lakini sitaha iko karibu usawa mmoja na barabara, na katikati kuna vyuma na wavu. Mgeni wa boti anaona kofia ya dereva ikiteleza juu ya ukingo, basi. Akitaka kujua nani anaongoza huingia ndani kuangalia televisheni, ambayo nyumbani kwake pia anayo. Katika mbio za ubingwa wa dunia ni mara mbili tu gari limewafuata watu wa boti hadi majini: la Alberto Ascari mwaka 1955 na la Paul Hawkins mwaka 1965. Wote wawili waliogelea wakatoka. Tangu hapo boti hazijabahatika tena.

Jukwaa nalo lina kiburi kisicho na mizizi. Majukwaa ya Monaco ni ya mabomba na mbao, hujengwa kwa ajili ya mbio na kung'olewa zikiisha, na mvua ikinyesha hayana paa la kukustahi. Mwamba ulikuwepo kabla ya Bugatti.

Kuhusu siku, nawasihi mwinue sifa zenu juu zaidi, kwa kuishusha bei chini zaidi. Mahali ambapo hakuna kupitana, mbio halisi ni za Jumamosi, wakati kila dereva anapotafuta nafasi ya kuanzia akiwa peke yake na ukuta. Mwaka 1988 Ayrton Senna aliizunguka Monaco siku ya Jumamosi akamwacha Alain Prost, mwenye gari kama lake, kwa karibu sekunde moja na nusu. Katika mchezo huu hiyo ni karne. Jumapili, akiongoza peke yake mbali mno, aligonga kona ya Portier, akashuka garini, akaenda zake nyumbani kwake hapo hapo mjini. Aliyekuwa na tiketi ya Jumamosi aliona muujiza kwa pesa ndogo. Wa Jumapili alilipa zaidi akaona mtu anaondoka kwa miguu.

Sitaficha masharti ya msifiwa wangu, kwani nayo ni sehemu ya malezi. Wengi hulala mji jirani wa Nice, kwa sababu hoteli za Monaco wiki hiyo hazisemeki. Treni ya saa kumi na mbili asubuhi imeshajaa watu wenye kofia na mito ya kukalia, na mbio ni saa tisa alasiri. Waliowahi kuingia Uwanja wa Mkapa kwa tiketi ya mzunguko siku ya Simba na Yanga, saa nne asubuhi kwa mchezo wa jioni, hawahitaji semina. Kule juu utajifunza kukaa ukiwa umekita kisigino kwenye mzizi wa msonobari ili usiteleze, goti moja juu, jingine likilalamika, boksi lililokunjuliwa chini ya makalio. Utajifunza kipimo cha maji: yawe ya kutosha usizimie kwa jua, yasizidi mpaka yakulazimishe kwenda msalani, kwani ukirudi nafasi yako ina Muitaliano na familia yake. Hakika hutapata mahali pengine ambapo saa nane nzima za kungoja zinakufanya umjue jirani yako, dawa anazotumia, na kwa nini hampendi mkwewe.

Haya nimeyasema kwa kuwa haki ilinidai. Ila ninyi mliosoma mpaka hapa, tafadhali msiyasambaze. Sehemu zenye kivuli chini ya misonobari ile ni chache, na zile ambazo tawi halizibi Rascasse ni chache zaidi. Nendeni jukwaa K. Viti vyake vizuri, vina namba, na wavu wake nasikia ni imara sana.