Muulize Anko Kufuli: Barua za Ving'ora kutoka Bariadi

Mizani ya pamba imefunguliwa na barua zimenijaa mezani. Kila mwaka ni yaleyale. Mkulima akishalipwa chake, wiki ya kwanza anahesabu hela, wiki ya pili halali. Ya tatu anapanda basi la Mwanza na kurudi na boksi lenye king'ora, waya na kitabu cha maelezo ambacho hakuna ukoo wowote Simiyu unaoweza kukisoma. Wiki ya nne ananiandikia mimi.

*

*Anko Kufuli, mwangaluka. Nina duka la pembejeo Somanda, na nyumba yangu iko nyuma yake. Nimefunga kengele ya wezi mwenyewe, sikuita fundi. Kila usiku saa nane inalia. Usiku wa kwanza mtaa mzima ulikuja na marungu. Wa pili walikuja watatu. Sasa hivi hata mke wangu hageuki. Nifanyeje? Mwenye Duka.*

Mwenye Duka, mwangaluka. Hicho kidude cheupe ulichokibandika ukutani hakimjui mwizi. Kinachokijua ni joto linalotembea. Kikiona kitu chenye joto kinatoka upande huu kwenda ule, kinaamsha king'ora, basi. Mbuzi ana joto. Mbwa ana joto. Kuku akishuka kwenye mti naye ana joto lake. Na wewe umekielekeza uani, kwenye nyumba ya Kisukuma, ambako kila chenye damu ndiko kinakolala! Ningeshangaa kama kingenyamaza.

Kirudishe ndani. Kifunge kwenye kona ya chumba, mita mbili na ushee kutoka sakafuni, kisitazamane na dirisha linalopigwa na jua wala na jiko la mkaa. Kiweke mahali ambapo anayeingia atalazimika kukatiza mbele yake, kwa sababu anayekijia usoni moja kwa moja kinachelewa kumwona. Milango na madirisha yawekee swichi za sumaku, vile vipande viwili vidogo: kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mlango. Mlango ukiachana na fremu, king'ora kinalia. Mbuzi hawezi kuishtua swichi hiyo, labda mbuzi wako awe ameshajifunza kufungua komeo.

Hayo ni ya bisibisi, yanakwisha kwa mchana mmoja. Ugonjwa wenyewe ni huo wa watu watatu usiku wa pili na wa tatu hakuna.

Mtaa wako ulikuwa na kengele kabla wewe hujazaliwa. Mtu akivamiwa usiku anapiga mwano. Jirani anaupokea na kuupeleka mbele, wa mbele naye hivyohivyo, mpaka kijiji cha pili kiko macho na mwizi hajui akimbilie wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa na ng'ombe wakawa wanaondoka kundi zima kwa usiku mmoja. Ndipo Wasukuma na Wanyamwezi wakaupa mwano utaratibu wake, nao ndio sungusungu: filimbi, upinde na mishale, mtemi na makamanda wake. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Huu wa Simiyu umezaliwa 2012. Mwaka 1989 Bunge likawatambua sungusungu kwa kurekebisha sheria za mgambo.

Sitawapamba. Wapo waliochapwa na sungusungu bila kusikilizwa, na wapo waliopoteza zaidi ya hapo. Lakini walikuwa na kanuni moja ambayo kitabu chako cha maelezo hakina: mwano ukipigwa nawe ukajifunika shuka, kesho yake unalipa faini. Ndiyo maana watu walitoka. King'ora chako cha dukani kinapiga kelele kuliko koo la mtu yeyote Somanda, lakini hakuna anayedaiwa chochote kikilia. Tena wewe umekipiga bure usiku baada ya usiku. Ungekuwa chini ya mtemi, faini ningejua inamwangukia nani.

Kwa hiyo kizime leo. Pita nyumba kwa nyumba, na mkono usiwe mtupu, sukari kilo moja moja inatosha. Waambie umekosea kukifunga, umekirekebisha, utakijaribu Jumamosi saa kumi jioni, na kikilia saa nyingine yoyote baada ya hapo wajue ni kweli. Balozi wako mwachie namba yako ya simu. Mke wako sijui utamwambia nini. Hilo si la kufuli.

*

*Anko, shikamoo. Kengele yangu inatumia laini ya simu, ikishtuka inanipigia popote nilipo. Nilikuwa mnadani Lamadi, huku nyuma nyumba yangu ya Malambo ikavunjwa. Simu haikuita. Nimeuziwa feki? Aliyelizwa.*

Marahaba, na pole. Mashine yako si feki, ina njaa. Laini iliyomo humo uliiwekea vocha lini? Laini isiyo na salio haipigi simu hata nyumba ikiungua, na ikikaa miezi bila kutumika, wenye mtandao wanaifunga. Halafu umeniandikia, katikati ya malalamiko mengine, kwamba laini imesajiliwa kwa NIDA ya shemeji yako ambaye sasa hamsalimiani. Aliyelizwa! Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini ni ya mwenye kidole. Siku yoyote anaenda kwa wakala, anairudisha kwake, na simu za kengele yako anazipokea yeye.

Bado kuna namba ya siri. Umesema ni 1234, ile iliyotoka nayo kiwandani. Mwizi aliyeishia darasa la pili anaanza na hiyo.

Na umeme ulikuwepo usiku ule? Ndani ya boksi huwa kuna betri ya volti 12, nyingi ni za ampea-saa 7. Mashine ikivuta robo ya ampea, kwa hesabu ya karatasi inakupa saa 28. Kwa betri iliyokaa darini chini ya bati miaka mitatu, gawanya, kisha gawanya tena. Mara moja kila mwezi chomoa waya wa umeme, fungua mlango makusudi, uone kama simu mfukoni inaita. Isipoita, hiyo ni redio mbovu uliyoipigilia ukutani.

*

*Baba mkwe amekuja kutoka Meatu kwa matibabu, yuko kwangu mwezi huu. Choo chetu ni cha nje. Kila akitoka usiku king'ora kinamlilia. Jana ameulizia nauli. Mkwilima.*

Mkwilima, hili ni la dharura, maana ng'ombe ulitoa na aibu unaitoa tena. Karibu kila mashine ina namna mbili za kuwashwa: ya nyumba tupu na ya watu wakiwa ndani. Usiku tumia ya pili. Vihisi vya ndani vinalala, milango inabaki na ulinzi. Mlango wa nyuma upe muda wa sekunde 30 kabla ya king'ora, na mzee umpe rimoti yake. Usimpe namba ya kukariri gizani. Mfundishe mchana, wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Taa ya nje ya sola iwe inawaka muda wote. Asipoelewa rimoti, zima kengele mpaka arudi Meatu; televisheni utanunua nyingine.

*

*Nimeunganisha waya wa TANESCO kwenye nondo za dirisha. Ni nafuu kuliko king'ora. Unasemaje? Mjanja wa Nyakabindi.*

Ondoa leo, kabla hujamaliza kusoma. Hapa sitanii. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na unaposhika mtu haumwachii. Nyaya za umeme zinazouzwa kwa ajili ya uzio hutumia kifaa maalumu kinachotoa shoti fupi sana na kupumzika. Kinamrusha mtu nyuma. Chako kinamshika mpaka afe, naye atakuwa mtoto aliyefuata mpira au mkeo anayeanua nguo zenye maji. Hata akiwa mwizi kweli, polisi watakayemchukua ni wewe.

*

*Kengele imelia, nimechungulia, nikamwona fisi bandani. Jirani zangu wanasema si fisi wa porini, ni wa bibi fulani mwenye macho mekundu. Ipo kengele ya kutambua fisi wa mtu? Mwenye Hofu, Itilima.*

Haipo, na usiitafute. Fisi wa Simiyu wanauma watu na mifugo kweli, hilo silifanyii mzaha. Mapori hayako mbali. Fisi anafuata harufu: mabaki ya machinjo, mzoga uliotupwa karibu, banda la miiba lisilo na paa. Fukia mabaki, ezeka banda, weka mlango unaokaza, watoto wasitembee peke yao alfajiri, na ofisa wanyamapori wa wilaya apewe taarifa leo.

Huyo bibi ana macho mekundu kwa sababu amepikia kuni jikoni kusiko na dirisha tangu alipoolewa. Katika nchi hii ya Usukuma vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo ya jirani zako. Ukisikia yanasemwa tena, huo ndio mwano wa kupiga, na upige kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi.

*

*Sina hela. Nikibandika king'ora bandia na kibao cha MBWA MKALI, kitasaidia? Mwalimu, Maswa.*

Kwa mwizi mgeni, kidogo. Kwa wa mtaani hakitasaidia kitu, maana yeye ndiye aliyekushikia ngazi ukiwa unakipigilia. Nunua komeo la chuma, funga swichi moja ya sumaku kwenye mlango wa nyuma, na hela inayobaki nunua filimbi. Kisha ujue jina la kila jirani atakayeisikia.