Mchango wa Alizeti

Jana baada ya sala ya alasiri, wazee watatu wa mtaa wetu hapa Tanga walinijia barazani kwa nyuso za taazia, wakakataa kahawa, na baada ya kuulizana hali kwa kirefu kuliko ilivyo ada, mkubwa wao akanishikisha bahasha, akanena kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilimfikia muuza kahawa aliye ng'ambo ya njia: "Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Tumechanga kidogo, upate kijana wa kukufyekea hapo mbele." Hapo mbele zimesimama alizeti zangu, zilizokauka zikainamisha vichwa, ambazo nimeziacha kwa makusudi ili ndege wale, kumbe mtaa mzima ulikwisha kuzisoma kama hati ya ufukara wangu, na wapo walioniombea dua msikitini kwa jina.

Nikawaeleza. Nikasema kwamba kile tukiitacho ua la alizeti si ua moja bali ni mkutano wa maua madogo, mamia kwa mamia, yaliyopangwa kwa mistari ya mzunguko ambayo ukiihesabu aghalabu utapata 34 kwa upande mmoja na 55 kwa upande wa pili. Kwamba yale ya manjano ya pembezoni ni wapiga mbiu tu, hayazai kitu, kazi yao ni kuwaita nyuki, na yakisha kunyauka ndipo karamu huanza. Nikainuka nikawaonyesha chiriku aliyening'inia kichwa chini, jinsi anavyochomoa punje, akaizungusha kwa ulimi mpaka ikae sawasawa ukingoni mwa mdomo, akaibana, ganda likapasuka, kiini kikaingia na kapi likaanguka, yote hayo kabla hujamaliza kusema bismillahi. Ilhali tetere, asiyejaliwa ufundi huo, humeza punje na ganda lake, akaiachia firigisi imsagie kwa changarawe. Wazee walitazama, kisha wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama napata usingizi wa kutosha.

Mkulima wa alizeti wa Singida, anayeshinda juani akiamia ndege hao hao, angenipiga teo mimi kwanza; lakini yeye anangoja mafuta, na punje zangu zote hazijazi kibaba.

Wala si wazee tu: mama mkwe, alipotuzuru akaziona, alidhani bintiye ametelekezwa. Mbuzi wa jirani alikula shina moja, wala hakuna aliyeniomba radhi.

Ila lipo lililonikereketa usiku kucha. Mtaro upitao mbele ya nyumba zetu umeziba tangu masika, maji yamegeuka rangi, mbu wanazaana humo, watoto wanalala na homa, na hakuna aliyepitisha bakuli kwa ajili yake. Alizeti zilipokuwa za manjano, maharusi walikuja kupigwa picha mbele yake pasipo hata kubisha hodi. Zilipoanza kulisha viumbe, zikawa uchafu wa kuchangiwa. Hilo halinichekeshi.

Bahasha niliipokea, maana kuirudisha kungekuwa utovu wa adabu, na leo asubuhi kijana wa kufyeka amelipwa kwayo akazibue mtaro. Nawe, msomaji, ukiwa na mashina mawili matatu uani kwako, yaache yasimame mpaka punje ziishe, na wakija kukuuliza, waambie una wageni, hawajamaliza kula.