Kikapu, Mashine na Makala ya "Out of Africa"

Makala ya filamu katika Wikipedia haina mwenyewe: anayepita huhariri, anayemfuata hufuta. Kila dai hutakiwa kuwa na chanzo kilichochapishwa, na maoni ya mhariri hayaingii. Katika toleo la Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Sheria hizo zilijaribiwa katika kituo kimoja cha kupimia chai huko Mogogosiek, Bomet. Makala iliyogombewa ilikuwa ya Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 iliyotwaa Oscar 7 na inayosimulia, aibu iliyoje kwa wakulima wa chai, habari za shamba la kahawa. Waliogombana ni Kikapu, mchumaji wa mkono, na Mashine; mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia mwenye uwezo wa kufungia wahariri, alikuwa Mizani.

KIKAPU: Niliandika kwamba Waafrika wa filamu hii kazi yao ni kubeba mizigo na kusikiliza. Nani amefuta?

MASHINE: Mimi, mama. Hukuweka chanzo. Nimefuta na aya iliyofuata.

KIKAPU: Ile ya Farah, Msomali, kuigizwa na Malick Bowens wa Mali? Ilikuwa na chanzo!

MASHINE: Mimi sichagui. Nikipita nimepita.

(Ndivyo ilivyo hata shambani Kericho: mkono huchuma majani mawili na kichipukizi, mashine hukata pamoja na vijiti.)

KIKAPU: Na Redford? Denys Finch Hatton alikuwa Mwingereza, lakini Redford anayemwigiza anaongea Kimarekani mwanzo hadi mwisho.

MIZANI: Wahakiki waliliandika hilo. Libaki.

KIKAPU: Kuna pale Karen, mwenye shamba la kahawa, anapompigia gavana magoti akiwaombea Wakikuyu ardhi. Niliongeza kuwa ardhi ilikuwa yao tangu hapo.

MIZANI: Nani amesema?

KIKAPU: Wenyewe. Kila mtu anajua.

MIZANI: Hapa tunaandika kilichochapishwa, mama, si kinachojulikana.

KIKAPU: Haya, basi, la ardhi lililochapishwa: ukoo wa Talai ulihamishwa Kericho kwa sheria ya mwaka 1934, ukapelekwa Gwassi.

MIZANI: Hilo lina chanzo, tena cha serikali. Ila halimo kwenye filamu.

MASHINE: Nimeshalifuta.

MIZANI: Mara ya nne leo, kijana.

Mizani akaamua: Mashine afungiwe saa 24, aya ya Bowens irudishwe, na habari za Talai zianzishiwe makala yake.