Kambale Watatu, Kompyuta Moja

Walioandika sheria za mashindano ya kuandika programu za kompyuta hawajawahi, naamini, kuandikisha watoto wa Butembo, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Yale makubwa ya vyuo vikuu, ICPC, yanataka timu ya wanafunzi watatu, kompyuta moja, saa tano za kazi, na kila jibu baya kwenye swali mtakalolipata baadaye linawaongezea dakika 20 za adhabu. Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, iliyoanza Bulgaria mwaka 1989, inataka mwanafunzi wa sekondari asiyezidi miaka 20 ifikapo tarehe 1 Julai. Sisi walimu wa informatiki wa shule chache za Butembo na Beni tulipotaka kuwashindanisha watoto wetu, tulichota huku kidogo na kule kidogo, tukapiga muhuri.

Balaa lilianzia kwenye majina. Kwetu Wanande mtoto hupata jina kwa zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na hakuna anayemuuliza mzazi maoni yake. Sasa programu ya kuandikishia, ambayo mwenzetu aliipakua bure, ilikuwa na ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu: mtu mmoja asiingie timu mbili. Ikamwona Kambale katika timu ya kwanza. Ikamwona tena katika ya pili, na ya tano, na katika timu moja ya Beni ikamkuta mara tatu. Ikafuta karibu kila mtu, wasichana pia, maana kina Masika nao si haba. Aliyesalia ni Mluba mmoja ambaye baba yake alihamishiwa huku kikazi. Kwa muda wa nusu siku hivi, kijana yule alikuwa bingwa.

“Prof, hii mashine inasema niko mwizi,” mwanafunzi mmoja alinilalamikia.

“Hapana. Inasema uko Kambale.”

Na fomu yenyewe ilikuwa na nafasi mbili tu, jina na jina la ukoo. Mkongomani ana matatu: jina, posnomu, yaani jina la pili la asili, na prenomu, mara nyingi la Kikristo. Ile posnomu ni urithi wa Rais Mobutu, aliyepiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972; yeye alikwenda, majina ya Kikristo yakarudi, posnomu ikabaki kama mgeni aliyekwisha kuzoea jiko. Nafasi zikiwa mbili, kila mtoto aliacha jina moja alilotaka. Bwana Prefe, mkuu wa shule moja, akashauri tuwape namba, na jambo likaonekana limekwisha, mpaka ulipozuka ugomvi wa nani awe Kambale wa 1.

Umri ndio sitaki kuusema sana. Huku mtoto hupoteza mwaka kwa kukimbia vita, mwingine kwa karo, na cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakipo. Badala yake kuna karatasi ya mahakama inayothibitisha alizaliwa lini, kwa kadiri wazazi walivyokumbuka siku ile mbele ya hakimu. Alikuja mmoja mwenye ndevu, juu ya pikipiki yake mwenyewe, simu inalia na yeye anajibu, “Ndiyo, mama watoto.” Karatasi yake ilisema miaka 17. Mimi nilimwona kwenye mpira wa shule akiwa na miaka 17, na hapo Ebola ilikuwa haijaingia Mangina, jirani na Beni, nayo ilitangazwa Agosti 2018. Lakini muhuri wa hakimu ulikuwa wazi, mwekundu, wa duara. Nani atabishana na duara? Tukamwandikisha, kwa sharti la kuzima simu.

Halafu saa. Watoto wa Beni lazima wawe kwao kabla giza halijaingia, na tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi, kwa hiyo kukusanya vijana kunataka barua, na barua inataka saa kamili. Tukaandika saa mbili asubuhi. Kompyuta zilizonunuliwa Kampala na kupitia Kasindi zilikuwa bado zinafuata saa ya Uganda, iliyo mbele yetu kwa saa moja. Mgeni wetu wa heshima alikuwa bado na saa ya Kinshasa, iliyo nyuma kwa saa moja. Kompyuta na mgeni, wote walifika kwa wakati, kila mmoja kwa saa yake.

Kompyuta hizo hizo za Kampala zina kibodi ya Kiingereza. Mwalimu mwenye nia njema alikuwa amezipanga ndani zisome Kifaransa, kama zile tulizopewa na Wabelgiji, bila kubadili herufi zilizochapwa juu. Msichana wa Beni akabonyeza a, ikatoka q. Akakitazama kidole, akaitazama skrini, akakifuta kile kitufe kwa mkono wa sweta yake, akabonyeza tena. Q. Lugha ya C inataka karibu kila sentensi imalizike kwa nukta-mkato. Yeye aliigonga palipochapwa nukta-mkato, na kila mstari ukaishia kwa m. Kwa haraka timu yake ikatuma hivyo hivyo. Adhabu. Walikuja kugundua baadaye kwamba nukta-mkato imejificha chini ya koma, na koma chini ya m.

Kocha haruhusiwi kusema na timu yake. Mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, akaanza kukohoa: mara moja, kisha mara mbili, kwa mpangilio wa kutia shaka. Tangu Ebola ndoo za maji ya klorini hazijaondoka kwenye milango ya shule zetu, na Bwana Prefe ni mtu wa tahadhari. Kocha alipelekwa kunawa, akapimwa joto, akakalishwa chini ya mwembe hadi mwisho.

ICPC wana desturi ya kufunga puto kwenye meza ya timu kila inapopata swali, rangi moja kwa swali moja. Butembo maputo huuzwa kwa ajili ya harusi, kwa hiyo tulipata meupe na ya waridi, tukatunga maswali mengi kuliko rangi. Haikuwa shida kwa muda mrefu. Puto la kwanza lilipasuka, na watoto wa Beni walikuwa chini ya meza kabla sisi hatujageuza shingo. Anayeijua Beni haniulizi kwa nini. Wao wenyewe ndio walioanza kucheka, walipomwona mwenzao ameshuka na kibodi na vidole bado vinaandika. Alama zilizobaki tuliziandika ubaoni kwa chaki.

Mwishowe Beni na Butembo wakalingana kwa maswali, Butembo wakawa mbele kwa dakika za adhabu. Kocha wa Beni akasimama: zile m ni dhambi ya kibodi! Kwenye mashindano makubwa, programu ikikataa hata kutafsiriwa na mashine, mara nyingi haihesabiwi adhabu. Sheria zetu hazikusema neno. Mabishano yalianza kwa Kifaransa, yakashuka hadi Kiswahili, na yalipofika Kinande dereva wa Beni alikuwa anapiga honi. Tukatangaza washindi wawili wa kwanza.

Nikiwa nakusanya nyaya, Kambale wa 1 akanifuata. Yuko mwaka wa mwisho, Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilikuwa inamngoja, na sheria yetu haimtaki aliyemaliza sekondari.

“Prof, nikianguka Exetat, si nitakuwa ningali mwanafunzi?”

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake.