Mpwa Wangu na Theluji ya Kibo

Mtu akaaye chini ya mlima mashuhuri hudhaniwa na jamaa zake wa mbali kuwa ndiye mwenye ufunguo wake, kama vile akaaye bandarini adhaniwavyo kuwa ana neno na manahodha wote. Na kwa sababu hiyo mimi, mzaliwa wa Pangani, niliyeletwa Moshi na kazi ya ukarani wa kahawa, nikaoa na kustaafu papa hapa, nimepata kuletewa maombi ya kila namna kuhusu Kilimanjaro, ya picha, ya mawe, ya maji ya chemchemi, na hata ombi la sahibu yangu mmoja aliyetaka nimpelekee kipande cha barafu kwa basi la Tanga. Lakini lililonitia mashakani kuliko yote ni lile la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehamia Calgary huko Kanada tangu ujana wake, ambaye alinipigia simu usiku wa manane, maana kwao ulikuwa mchana, akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akanieleza kwamba atakuja mwezi wa Desemba, na kwamba yu radhi kugharimia kila kitu maadamu mimi nitamfanyia matayarisho ya kupanda pikipiki ya theluji juu ya Kibo, kilele cha mlima huu.

Chombo hiki, kwa faida ya msomaji ambaye kama mimi hakijui ila kwa picha, kina mbao mbili za kutelezea mahali pa gurudumu la mbele, na nyuma kina mkanda mpana wa mpira uzungukao kwa nguvu ya injini. Sifa yake ilienea kutoka jimbo la Quebec, ambako Joseph-Armand Bombardier alikitoa kiwandani mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo, watu wakakipenda kwa kwendea uwindaji, uvuvi na, kadiri nilivyofahamu kwa mpwa wangu, kwa kuvunjia mbavu. Yeye anacho chake cha kilo 240, na azma yake ilikuwa kukitia katika kontena, kukishusha Tanga, kukileta Moshi kwa lori, na kukifikisha juu kwa njia nitakayoiona mimi inafaa. Kisha nikae nyuma yake, nimshike kiuno, ili dada yangu apelekewe picha.

Nilipojaribu kumweleza kwamba mlima huu una desturi zake, alinitolea hujja ya tarehe, na hujja ya tarehe ni ngumu kwa mzee kuikana, kwa kuwa vijana hudhani kila tarehe sisi tulikuwapo. Mwaka 1912, alisema, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni na mbao zao za kuteleza, wakateremka nazo juu ya theluji. Ikiwa wao waliweza kwa mbao, sisi tutashindwaje kwa injini? Habari ile ni ya kweli, na bonge moja la barafu karibu na kilele lingali likiitwa kwa jina la Furtwängler. Walakini mpwa wangu hakuisoma hadi mwisho, maana mwaka ule wa 1912 barafu ya Kibo ilienea takriban kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya hiyo ilikuwa imekwisha toweka. Nikamwambia. Akanijibu kwamba asilimia 15 yatutosha, kwani sisi tu wawili.

Basi nikaanza matayarisho, kwa kuwa mjomba hakatai, huchelewesha tu. Wakala mmoja wa forodha, ambaye jina lake nalisitiri, aliitazama picha ya chombo kwa utulivu mwingi, akaigeuza juu chini, kisha akaniuliza kama ni pikipiki, trekta au boti, kwa sababu kila kimoja kina ushuru wake. Nami nilipomjibu kwamba huenda juu ya maji yaliyoganda, alitabasamu kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo, akaandika boti. Fundi wa malori niliyemwendea baadaye hakutaka hata kuiona picha. "Mzee," aliniambia, mikono yake imejaa grisi, "injini nayo hupumua"; akanifahamisha kwamba huko kileleni, kwenye mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na injini ya kawaida isiyorekebishwa itapanda kwa nusu ya nguvu zake, ikikohoa njia nzima.

Aliyenikalisha kitako na kunifunza hesabu ni mzee mmoja wa Marangu, aliyewaongoza wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia. Mpagazi, alisema, hapewi zaidi ya kilo 20, na pale langoni mizigo hupimwa kwa mizani, hakuna kubembelezana. Kwa hiyo kilo 240 ni watu 12. Nikashukuru, nikaona si wengi. "Ngoja, baba," akasema, "hao 12 watakula nini, na chakula chao atabeba nani? Watalala wapi, na mahema yao atabeba nani? Na petroli? Na hao wa chakula na mahema, wao hawali?" Akawa anaongeza kokoto chini, moja baada ya moja, mpaka tukapita 30, kisha akazifagia zote kwa kiganja, akauliza jinsi injini isiyogawanyika itakavyopita katika njia ya mtu mmoja mmoja. Nilipokuwa bado natafakari jibu, akaniuliza swali la mwisho, ambalo nadhani alilihifadhi kwa makusudi: ikishafika, itateleza wapi? Kwa maana barafu iliyosalia Kibo aghalabu imesimama wima, kuta ndefu kuliko nyumba. Panapolala tambarare ni majivu na changarawe. Na theluji mpya inayoanguka majira ya mvua huliwa na jua kali la huko juu, mara nyingi kabla hujamaliza kuisifu.

Nikarejea mjini nikiwaza juu ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai na wapagazi wa pwani, akauona weupe wa mlima huu tarehe 11 Mei 1848, na kiongozi wake akamweleza kwa ufupi kwamba ule ni baridi. Habari zilipofika London, mwanachuoni William Desborough Cooley, aliyekuwa akichora ramani za Afrika bila ya kuikanyaga, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Huyu alisema hakuna kabisa, na mpwa wangu asema ipo ya kutosha kwa injini. Wote wawili walishauriana na karatasi, na kati yao naona Cooley ana udhuru zaidi, kwa kuwa hakuwa na mjomba Moshi.

Walakini lililonifika mimi binafsi lilinifikia sokoni, si mlimani. Mpwa wangu alikuwa amesisitiza kwamba abiria wa nyuma lazima avae mavazi ya theluji yaliyoshonwa kipande kimoja kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu, nami nikaenda katika soko la mitumba la Memorial, saa saba mchana, jua la Moshi likiwa limesimama utosini, nikalipata ovaroli la rangi ya chungwa, nene, lenye manyoya kolani na zipu ndefu ya chuma. Muuzaji akanihimiza nilijaribu. Nikalijaribu; akaipandisha zipu kwa mkono wake mwenyewe hadi chini ya kidevu, akarudi hatua mbili nyuma akasema, "Mzee umependeza," na zipu ikaganda papo hapo. Aliivuta yeye, akaivuta jirani yake, akaja kijana wa tatu na koleo. Mmoja akashauri mshumaa, mwingine sabuni ya mche, na mama muuza ndizi, Mungu amlipe kwa hisani yake, akaanza kunipepea kwa kipande cha boksi, huku jasho likinishuka ndani mpaka nikalisikia viatuni. Hatimaye fundi cherehani akatokea na mkasi, muuzaji akamzuia mkono: kukata, alisema, ni kununua.

Hapo ndipo tulipopatana bei. Nimenunua vitu katika masoko ya Pangani, ya Tanga na ya Moshi, na najua kwamba silaha ya mnunuzi popote pale ni kuweza kugeuka na kwenda zake. Sasa wapi atakwenda mtu ambaye yumo ndani ya bidhaa? Kila nilipotaja kiasi, muuzaji alitazama jua. Nililipa alichotaka, mkasi ukapita, nami nikatoka mle nimekwisha kabisa, na tangu siku ile vijana wa bodaboda wa mtaani petu huniita Mzee Barafu, na mmoja wao ameniuliza kwa siri kama hiyo pikipiki ya theluji itahitaji dereva.

Desemba ikafika, mwezi ambao kila Mchaga aliye Dar es Salaam hukumbuka kwamba ana kwao, mabasi yakajaa, barabara zikajaa, na mpwa wangu akashuka uwanja wa ndege wa KIA amevaa fulana, bila pikipiki, kwa kuwa gharama ya kontena ilikuwa imemwonyesha kwa upesi yale ambayo mimi nilikuwa nikimweleza kwa heshima. Mlima ukajifunika mawingu tangu asubuhi hadi jioni, naye akawa ananitazama kwa jicho la mtu aliyeuziwa kiwanja hewa. Hata alfajiri moja ukajifunua, mweupe juu kidogo tu, akanyamaza, kisha akasema tutapanda kwa miguu. Mimi nikasema atapanda.

Alipitia njia ya Marangu. Kiongozi wake alimwambia pole pole pale langoni, akamwambia tena kambi ya Mandara, akamwambia na ya Horombo. Lakini mtu aliyezoea kwenda kwa mwendo wa injini huona pole pole kuwa ni maneno ya wageni. Kutoka Horombo, mita 3,720, alinipelekea picha amekunja misuli, maana tangu mwaka 2022 intaneti imefikishwa mlimani. Kisha kukawa kimya. Alipofika kambi ya Kibo, mita 4,720, kichwa kilikuwa kikimgonga, chakula hakikukaa, na miguu ilikuwa ikienda kila mmoja kwa rai yake. Wakamfunga katika machela ya gurudumu moja, wagumu wakaishika huku na huku, wakamteremsha mbio juu ya mawe, naye, kwa maelezo ya kiongozi, alikuwa akiuliza breki iko wapi. Ugonjwa ule wa mwinuko dawa yake kubwa ni kushuka. Alipofika Marangu alikunywa mtori bakuli mbili, akaomba ya tatu, na akamwambia dada yangu kwa simu kwamba amepanda chombo cha aina yake mlimani, jambo ambalo sikulikanusha.

Ovaroli lipo kwangu. Limetiwa zipu mpya ya plastiki, limefuliwa, na lafaa kwa mtu wa kimo cha wastani apandaye Januari. Anayelihitaji na afike nyumbani, bei tutapatana. Ila atalijaribu asubuhi, kabla jua halijapanda, na fundi mwenye mkasi awepo karibu.