Yupo, Ila Hayupo

Serikali ya Kenya huahidi shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma. Pesa hizo hufuata majina, si makalio yaliyo kwenye dawati. Usishangae basi ukikuta rejista yenye afya njema kuliko darasa lake.

Ukame ukiikamata kaunti ya Kajiado, kama ulivyofanya mwaka 2022, ng'ombe huhama na wavulana huwafuata. Kitengela, mjini katika kaunti hiyo hiyo, shida ni kinyume: watoto wamejaa hadi mlangoni. Na mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, NEMIS, ulioanza 2017, ukadai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Hivyo aliyekaa mbele ya mwalimu bila cheti akawa hayupo, na aliye malishoni akiwa na cheti akawa yupo. Teknolojia haikosei.

Wala tusijisifu kwamba tumeubuni mchezo huu. Mwaka 1862, mwanasiasa Robert Lowe aliifunga ruzuku ya shule za Uingereza kwenye mahudhurio na mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Vijijini mavuno yalipoiva, watoto walikwenda mashambani, na mwalimu akabaki na kalamu, rejista na tumbo lake. Wakaguzi wakapata kazi ya kudumu.

Huku kwetu, hesabu isiyo na majina hewa hufanyika jioni, mbuzi wakirudi bomani. Anayewahesabu, bila kukosea hata mmoja, ni kijana ambaye asubuhi ile ile alitiwa alama ya vema kwenye rejista ya darasa.