Mjomba, Kule Mbuzi Walisakwa kwa Helikopta

Mjomba,

Tumerudi salama Newark, ingawa mpaka leo nikifumba macho naona kitanda kinapanda na kushuka. Mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru hakuumbwa alale kwenye meli, na hilo nimelithibitisha kwa niaba ya ukoo mzima.

Najua picha zimeshafika kijiweni hapo Usa River. Najua pia alichosema kila dereva mliyekaa naye hapo: kijana aliyekuwa akibeba wageni sasa kabebwa yeye. Kweli kabisa. Kofia yenye kamba chini ya kidevu nilivaa, mafuta meupe puani nilipaka, na darubini ilining'inia kifuani siku nzima bila kazi, kwa sababu huko tulikokwenda wanyama wanakaa miguuni mwako.

Safari yenyewe ilitokana na baba mkwe kutimiza miaka sabini. Watoto wake waliotawanyika Marekani na Hispania wakachanga, wakasema mzee lazima aione Galápagos kabla magoti hayajagoma. Mzee kazaliwa Guayaquil, kakulia Guayaquil, kapeperusha bendera ya Ekuador maisha yake yote, na visiwa hivyo alikuwa akiviona kwenye kalenda tu. Usicheke. Wangapi hapo Arusha mjini wamewahi kuteremka kreta ya Ngorongoro?

Galápagos ni visiwa vya volkano vilivyo kama kilomita 1,000 baharini, magharibi ya Ekuador. Ni hifadhi ya taifa tangu 1959, na UNESCO ilipoandika orodha yake ya kwanza ya urithi wa dunia mwaka 1978, hivi ndivyo vilivyopewa namba 1. Ngorongoro yetu ilifuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo kaa ukijua hatuzungumzii kijihifadhi cha juzi.

Getini sasa. Mgeni analipa dola 200, na raia wa Ekuador dola 30. Mpaka Julai 2024 mgeni alikuwa analipa 100, wakaona haitoshi. Baba mkwe aliitazama stakabadhi yangu, akaitazama yake, akacheka mpaka akakohoa. Miaka yote ile nilisimama pale geti la Naabi, Serengeti, nikiwaona wazungu wakikodolea macho bei yao na bei ya mwananchi, nikawa nasema moyoni, "Ndiyo maisha." Basi ndiyo maisha.

Kabla hata ya kupanda ndege, mabegi yanakaguliwa kutafuta matunda, mbegu na udongo, kisha yanafungwa kwa utepe. Mama mkwe alikuwa ameficha ndizi. Alizitetea ndizi zile kwa dakika kadhaa na kwa majina ya watakatifu kadhaa, akashindwa. Angani, wahudumu wakafungua makabati ya mizigo juu ya vichwa vyetu na kupuliza dawa ya wadudu. Hakuna aliyeomba radhi. Huko anayetiliwa shaka ni binadamu na chochote kilichojibanza kwenye soksi zake.

Tukatua Baltra, uwanja uliokuwa kambi ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jioni tukawa kwenye meli ndogo ya abiria kumi na sita. Idadi hiyo haikuja kwa bahati. Ndiyo kiwango cha juu cha wageni kwa mwongozaji mmoja, na bila mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi hukanyagi karibu sehemu yoyote ya maana. Leseni yenyewe hapewi yeyote aliyetoka bara na Kiingereza chake kizuri. Lazima awe mkaazi wa visiwani. Hata mwananchi wa Guayaquil hawezi kuhamia huko kwa kujisikia tu, anahitaji kibali. Shemeji yangu mmoja alichukia sana. Mimi nilifikiria vijana wetu wanaozaliwa ukingoni mwa hifadhi na kuishia kuosha magari ya watu, nikanyamaza.

Mjomba, kazi ya mwongozaji wetu ni kinyume cha kazi yetu kabisa. Sisi mnyama tunamtafuta. Alfajiri giza, redio ya upepo inakoroma, simba sharubu yupo Moru, chui madoadoa kapanda mti, magari ishirini yanakimbilia mti mmoja, na mgeni akimkosa chui unamwona anavyohesabu dola zake. Yeye hatafuti kitu. Kazi yake ni kuzuia wageni wasikanyage wanyama. Sheria ni mita mbili kati yako na kiumbe chochote, usitoke kwenye njia, usiokote hata jiwe. Tatizo ni kwamba wanyama hawajasomewa sheria hiyo. Simba bahari mchanga alinifuata ufukweni akinusa viatu, nami nikawa narudi nyuma, narudi nyuma, mikono juu, mwongozaji akinihimiza, "Ongeza mita, ongeza mita!" Wanyama hao wameishi karne na karne bila wa kuwawinda kutoka nchi kavu, kwa hiyo woga hawakurithi. Kule bandarini Puerto Ayora wanalala kwenye mabenchi ya watu, na pale sokoni wanapanga foleni na wari nyuma ya muuza samaki, wakisubiri matumbo.

Kisiwa cha North Seymour ndiko tulikokutana na msongamano wa kweli. Dume la booby, ndege wa baharini mwenye miguu ya buluu, buluu ile ya ndala mpya, alikuwa amesimama katikati ya njia akimtongoza jike. Ananyanyua mguu wa kushoto polepole, anauonyesha. Anaushusha. Ananyanyua wa kulia, anauonyesha. Kisha anaelekeza mdomo juu, anapanua mabawa na kupiga mluzi mwembamba. Jike linatazama bahari. Dume linaanza upya, kushoto, kulia. Watu kumi na sita tumesimama juani, kupita pembeni ni kosa, kupita juu yake ni kosa kubwa zaidi. Wanasayansi wanasema jike huangalia ukali wa ile rangi, maana dume lisilokula vizuri miguu yake hufifia. Baba mkwe akasema kwa sauti ya huruma kwamba hata yeye alihangaika hivyohivyo kwa mama yao. Mama mkwe akatazama bahari.

Iguana wa baharini nao ni kitu cha kuona. Ndiye mjusi pekee duniani anayetafuta chakula chake baharini. Anazama, anakwangua mwani kwenye miamba, anarudi kuota jua akiwa mweusi kama masizi, mamia wamelaliana. Chumvi aliyoimeza anaitoa puani kwa kupiga chafya. Mita mbili hazitoshi, Mjomba. Miwani ya shemeji ni shahidi.

Mwongozaji alitusimulia kwamba Charles Darwin alipofika mwaka 1835 alimrusha iguana wa namna hiyo majini mara kadhaa, aone kama atarudi ufukweni. Alirudi kila mara. Darwin huyohuyo alipanda juu ya migongo ya kobe, na mwewe mmoja alimsukuma kutoka kwenye tawi kwa mdomo wa bunduki. Leo angerudishwa melini kabla ya chakula cha mchana, na dunia ingekosa kitabu.

Kobe wenyewe wana visa kuliko madereva wa Seronera. Mabaharia wa meli za kuwinda nyangumi waliwabeba maelfu kwa maelfu, kwa sababu kobe akigeuzwa chali ndani ya meli anaishi miezi bila chakula wala maji. Nyama isiyohitaji friji. Yule maarufu, George Mpweke, aliyekuwa wa mwisho wa aina ya kisiwa cha Pinta, alikufa Juni 2012 baada ya miaka arobaini ya kutafutiwa mchumba bila mafanikio. Sasa amekaushwa na kuwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mwenzake Diego kutoka kisiwa cha Española alifanya kinyume. Kwao walikuwa wamebaki kumi na wanne tu, naye akaletwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego kuongeza nguvu, akapata watoto mamia, magazeti ya dunia yakamwandika, na mwaka 2020 akastaafishwa kwa heshima na kurudishwa kisiwani kwake. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuna dume jingine, limepewa namba tu, E5, ambalo halikuwa na mbwembwe yoyote na limezaa kuliko yeye. Kila ofisi niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na E5 wake.

Mama mkwe aliuliza kama tungeweza kuwalisha mboga, kama alivyoona kwenye video yangu ya kisiwa cha Changuu, Unguja. Mwongozaji aliitazama video ile, mimi nimepiga magoti, kobe anakula sukuma wiki mkononi mwangu, nami namkuna shingo. Hakusema kitu. Alinihamishia mbele ya foleni, karibu yake.

Sasa tafuta stuli ukae, maana nafika kwenye habari ya mbuzi. Mwaka 1959 wavuvi walishusha Pinta mbuzi watatu, beberu mmoja na majike wawili, wawe akiba ya nyama. Wewe mfugaji unajua hesabu hiyo inavyokwenda, na kule hakukuwa na fisi, wala mwizi, wala Krismasi. Miaka kama kumi na kitu baadaye walikadiriwa kuwa 40,000. Wamekula kisiwa kizima, kobe hana jani. Visiwa vya Isabela na Santiago hali ileile. Basi kati ya 1997 na 2006 serikali na wahifadhi wakaendesha Mradi wa Isabela: wapiga risasi wakapanda helikopta wakawafyeka mbuzi zaidi ya laki moja.

Waliobaki wakajificha. Hapo ndipo akaingia mbuzi Yuda. Anakamatwa mmoja, anafungwa mkanda wa redio shingoni, anaachiwa. Mbuzi hapendi upweke, atawatafuta wenzake mpaka awapate. Helikopta inafuata mlio wa redio, inawamaliza wote, inamwacha Yuda. Naye anakwenda kutafuta wengine.

Nilimuuliza mwongozaji kwa Kihispania changu cha jikoni: "Na nyama?"

"Iliachwa ioze, rutuba irudi ardhini."

"Yote?"

"Yote."

Mjomba, nilikaa chini. Mbuzi laki moja, hakuna supu, hakuna hata mshikaki mmoja. Abiria wengine walidhani ni bahari imenishika. Na akili yangu inakubali kabisa kwamba walifanya sawa: mbuzi utamfuga popote duniani, kobe wa Pinta alikuwa Pinta tu, na majani yaliporudi kila mtu aliyaona. Akili inakubali. Tumbo ndilo lililokata rufaa, na usiku ule melini wakatupa samaki.

Hata hivyo, chakula kwa ujumla kilinifariji. Asubuhi wanakupa bolón, ndizi mbichi zilizopondwa na kuviringishwa na jibini, na kuna supu ya samaki yenye mihogo na kachumbari ya vitunguu juu. Siku ya mwisho, ikaja bahasha ya bakshishi ya mwongozaji. Niliijaza kuliko wote, mke wangu akanitazama vibaya. Lakini yule bwana nilimwona akiulizwa na mtu mmojamoja, siku baada ya siku, kama papa wa hapo wanauma, naye akijibu kila mara na sura ileile uliyokuwa nayo wewe ukiulizwa kama simba anaweza kuruka akaingia garini.

Jambo moja la kukuomba. Katika kisiwa cha Floreana kuna pipa la mbao, lilianza enzi za wavuvi wa nyangumi, linatumika kama posta mpaka leo. Hakuna stempu. Unatumbukiza kadi yako, unapekua za wengine, na ukikuta ya mtu wa karibu na kwenu unaichukua ukampelekee kwa mkono. Mimi nilichukua moja ya bibi mmoja wa hapa New Jersey, nimeshaipeleka, nimekula na keki. Nawe nimekuwekea yako. Anwani nimeandika: Usa River, shuka kwenye daladala, ulizia mzee mwenye Land Cruiser isiyo na milango ya nyuma. Kwa hiyo mwaka huu, au miaka kumi ijayo, akitokea mzungu getini ameshika kadi ya kobe, usimkimbilie na bei. Mpe chai kwanza. Ya Serengeti atayaanza mwenyewe.

Mpwa wako,
Newark